Mguu Ni wa Nani?

Lugha yetu ina desturi ya kuficha mambo mazito ndani ya maneno mepesi. Mguu ukipinda na kuvimba tunasema umeteguka. Kitendawili nacho hutegwa, na anayekipatia jibu husemwa amekitegua. Mtego wa ndege hutegwa vile vile, na ukifyatuka bila kunasa kitu, umeteguka. Ni neno moja mahali pote patatu, na ukilitazama vizuri utaona kwamba halikupotea njia. Kifundo cha mguu kimetegwa kweli kweli: mifupa miwili ya muundi imekalia mfupa mmoja wa mguuni, na kano zimeifunga ndani na nje ili yote ikae kwa kukazana. Kano za upande wa nje ndizo dhaifu zaidi. Ndiyo maana mtu akikanyaga jiwe au ukingo wa shimo, wayo hugeukia ndani, na kano za nje huvutika au kukatika. Mtego umefyatuka. Kinachobaki ni kitendawili, na hicho ndicho ninachotaka kukizungumza na msomaji: mtu aliyeteguka, na mbele yake kuna mashindano aliyoyangojea mwaka mzima, akimbie au asikimbie? Na ni nani mwenye haki ya kulijibu swali hilo?

Mimi nililikuta swali hili Muyama, katika nyanda za juu za Kigoma, nilikofundisha kwa miaka kadhaa na kusimamia michezo. Zamani hizo sehemu zilikuwa wilaya ya Kasulu. Tangu mwaka 2012 ziko wilaya ya Buhigwe. Ni nchi ya vilima, udongo mwekundu, migomba, kahawa, mahindi na maharage. Mtu wa huko akikuambia safari yenu ni “hapo tu,” jiandae kushuka bonde moja na kupanda kilima kimoja, pengine viwili. Mvua huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, hivyo ifikapo Aprili njia za miguu zimekwisha kuchimbwa na maji na kuwa mifereji. Uwanja wa shule yetu ulichongwa kwa majembe ubavuni mwa kilima, na kona yake moja ilikuwa imeinama kiasi kwamba wanariadha wetu walizoea kukimbia mguu mmoja ukiwa juu kuliko mwenzake. Wageni walipokuja kushindana nasi walilalamika. Sisi hatukuona ajabu.

Mwaka 2018 tulikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyekimbia mita 1500. Sitamtaja jina, sasa ni mtu mzima na habari zake ni mali yake. Alikuwa mwepesi, mkimya, na alikuwa na tabia ya kuwaacha wenzake watangulie mizunguko miwili kisha kuwapita mmoja mmoja bila kuwatazama. Mashindano ya kata alishinda. Mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya yalikuwa katikati ya Mei, na kutoka hapo ni mkoa, kisha taifa. Siku kumi na tisa kabla ya wilaya, akipanda kutoka bondeni, alikanyaga ukingo wa mfereji na mguu wa kulia ukateguka.

Kabla ya kwenda mbele nataka msomaji apime uzito wa jambo hili kwa mizani ya huko, si ya mjini. Wapo watu, na wengine ni waungwana kabisa, watakaosema kwamba haya ni mashindano ya shule tu, mwakani yapo mengine. Wanaosema hivyo hawajalima maharage kwenye mteremko. Katika nchi yetu mwanariadha mzuri wa kijijini mara nyingi huonwa na majeshi: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza. Huko anapata ajira, mwalimu wa riadha na chakula cha uhakika. Alphonce Simbu, askari wa JWTZ, alikuwa ameleta shaba ya marathoni kutoka London mwaka 2017, na picha yake ilikuwa imebandikwa ukutani katika darasa letu moja. (Mwaka 2025, huko Tokyo, Simbu huyo huyo amekuwa bingwa wa dunia, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.) Msichana wetu hakuwa akiwaza medali. Aliwaza njia ya kutoka. Na njia hiyo ilipita wilayani, tarehe iliyokwisha kupangwa, na tarehe haingojei kano.

Basi wakaja washauri. Bibi yake alitaka mguu ukandwe kwa maji ya moto na kuchuliwa siku ile ile. Tabibu wa zahanati akakataa, akasema kuchua na kukanda kwa moto katika siku za mwanzo huongeza uvimbe. Alibonyeza mifupa ya pande mbili za kifundo kwa kidole, kisha akamwambia binti asimame na apige hatua nne. Alipiga, kwa shida. Tabibu akasema hapana haja ya kwenda kupiga picha, mfupa haukuvunjika. Nilidhani anabahatisha, kumbe ni kanuni iliyotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na imewaokolea wagonjwa wengi fedha na safari zisizo za lazima. Barafu haikuwepo, lakini chemchemi ya bondeni alfajiri haiko mbali sana na barafu. Amri ya mwisho ilikuwa mguu upumzishwe wiki tatu. Wiki tatu ni siku ishirini na moja. Tulikuwa na kumi na tisa.

Baba yake mdogo, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, alinijia shuleni. Baada ya salamu, na salamu za Waha hazina haraka, aliniuliza, “Mwalimu, Akhwari alipumzika wiki tatu?”

Hapo alinishika. Hakuna mtoto wa Kitanzania asiyesimuliwa habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico, alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia na bega likagongwa. Akafungwa bandeji, akaendelea. Alifika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, watu wengi wakiwa wamekwisha ondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio tu, ilimtuma azimalize. Jibu hilo limekuwa kama methali kwetu.

Namheshimu Akhwari kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini nadhani tunamsimulia vibaya. Akhwari aliumia ndani ya mbio. Aliianza marathoni ile akiwa mzima. Shida ilimkuta njiani, na uamuzi wake ulikuwa juu ya jambo ambalo tayari alikuwa ndani yake. Maji alikuwa amekwisha yavulia nguo, na ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Msichana wetu alikuwa bado yuko ukingoni, nguo mwilini. Kumaliza ukiwa umeumia na kuanza ukiwa umeumia ni mambo mawili. La kwanza ni kushika neno ulilokwisha kulitoa. La pili ni kutoa neno ambalo huenda huna uwezo wa kulishika. Mtu anaweza kumsifu wa kwanza kwa moyo wote na bado akamwambia wa pili, “Ngoja kidogo, tufikiri.” Kisha kuna sehemu ya hadithi ambayo haisimuliwi kabisa: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2 dakika 15. Mguu ule ulipona, ukakimbia vizuri kuliko Mexico. Sijui kwa nini tunapenda kumkumbuka akichechemea tu.

Nilimweleza baba mdogo hivyo. Alifikiri, akasema, “Na Keino je?”

Naam, Keino. Ilikuwa siku ile ile, 20 Oktoba 1968, jiji lile lile. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa na ugonjwa wa nyongo na madaktari wamemkataza kukimbia. Siku chache kabla yake alikuwa amedondoka kwa maumivu katika mita 10,000, mizunguko michache tu ikiwa imebaki. Basi lililompeleka uwanjani likakwama katika msongamano wa magari, akashuka akaenda kwa miguu, mbio. Akaingia katika fainali ya mita 1500 na kumshinda Jim Ryun wa Marekani kwa karibu sekunde tatu, dakika 3 sekunde 34 nukta 9. Huyu alianza akiwa mgonjwa, akijua. Hoja yangu ya ukingoni na majini haimgusi.

Lakini ngoja. Tunamjua Keino kwa sababu alishinda. Wale waliokatazwa na daktari, wakaenda, wakaharibika kabisa, hawakubandikwa ukutani katika darasa lolote. Ukitaka kujua kama mto una mamba, usiwaulize waliovuka peke yao. Mfano wa aliyefaulu unathibitisha kwamba jambo linawezekana. Hauthibitishi kwamba ni jema kulijaribu, wala hauthibitishi kwamba wewe utafaulu. Na zaidi ya hayo, Keino alikuwa na miaka 28, askari polisi, mtu mwenye akili zake na mshahara wake. Alipouweka mwili wake rehani aliuweka mwenyewe. Msichana wa miaka kumi na saba ambaye ukoo mzima unamtazama, je, ndiye anayeuweka rehani, au sisi ndio tunaomwekea?

Kuna mwanafalsafa mmoja wa zamani ambaye nimekuwa nikimrudia kila ninapofikiri juu ya jambo hili. Epictetus alikuwa mtumwa huko Roma, na alikuwa kiwete. Hakuandika kitabu, mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyakusanya mafundisho yake, kama miaka 1900 iliyopita. Katika mafundisho hayo anamsemesha mtu anayetaka kushinda michezo ya Olimpiki. Hamkatazi. Anamwambia tu atazame kinachotangulia na kinachofuata: kula kwa amri, kufanya mazoezi kwenye jua na kwenye baridi, kumtii mwalimu kama unavyomtii tabibu; na siku yenyewe pengine utategua mkono, utapinda kifundo cha mguu, utakula vumbi, na baada ya yote utashindwa. Ukishayatazama haya, asema, na bado unataka, nenda. Nilishangaa kukikuta kifundo cha mguu humo, kimewekwa miongoni mwa mambo ya kawaida, kama vumbi. Ushauri huu ni mzuri kwa sababu hautukuzi maumivu wala hauyaogopi. Unadai hesabu ifanywe kabla.

Hata hivyo ushauri huo unamhusu mtu anayechagua. Epictetus alikuwa mtumwa. Hapana shaka alijua kwamba mguu wa mtumwa haupumziki kwa amri ya tabibu. Inanishangaza kwamba hapo hakusimama zaidi.

Nami nikasimama hapo, maana siku ya nne baada ya ajali, nikienda kumjulia hali binti, nilimkuta njiani anapanda kutoka chemchemini na ndoo ya lita 20 kichwani. Mguu umefungwa kitambaa. Anachechemea.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Si uliambiwa upumzike?”

“Napumzika mwalimu. Sikimbii.”

Hakusema kwa kejeli. Aliamini hivyo. Kupumzika, kwa jinsi alivyofundishwa na kila mtu tangu utoto, ni kuacha lile unalolipenda. Maji hayakuhesabiwa kuwa matumizi ya mguu. Kilo ishirini za maji, juu ya kichwa, juu ya njia iliyochimbwa na mvua, juu ya kano zilizochanika siku nne tu zilizopita, mara tatu kwa siku: hayo hayakuwa na jina. Tulikuwa tumekaa siku nne, mimi, bibi, tabibu na baba mdogo, tukijadili kwa uchungu mkubwa kama mguu huu ukimbie dakika tano na kitu katikati ya Mei, na hakuna aliyeuliza mguu huu unafanya nini leo jioni.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana nadhani ndipo swali letu lilipo. Watu wa dini na watu wa busara hutuambia kwamba mwili ni amana. Si mali yetu. Tumekabidhiwa, na tutaulizwa. Ni fundisho ninaloliheshimu, na wengi walilitumia katika kesi hii: mwalimu mwenzangu mmoja alisema kumruhusu binti akimbie ni kuharibu amana. Lakini neno hili amana lina hila yake. Amana ina mwenye kuitunza, na mara nyingi mtunzaji hujipa ruhusa ya kuitumia kwa kazi zake mwenyewe, kisha huikumbuka kuwa amana pale tu mwenye nayo anapotaka kuitumia kwa lake. Mwili wa binti ulikuwa amana alipotaka kukimbia. Ulipobeba maji ulikuwa mwili wa binti tu. Kama amana ni amana kweli, basi na iwe amana asubuhi na jioni, uwanjani na bondeni.

Mtu atasema: maji ni lazima, mbio ni hiari, huwezi kuvilinganisha. Hoja hii ina nguvu na sitaki kuipita mbio. Nyumba haiwezi kukaa bila maji. Lakini ulazima wa maji hauelezi ni kichwa cha nani kitayabeba. Nyumba ile ilikuwa na kaka wa miaka kumi na tisa mwenye baiskeli. Alikuwa akichota maji kwa madumu manne na kuwauzia wenye maduka na walimu, mimi nikiwa mmoja wao. Kwetu maji yakiwa kwenye baiskeli ya mvulana ni biashara; yakiwa kichwani kwa msichana ni malezi. Lita ni zile zile.

Nilikwenda kwa mama yake. Ni mama mwenye heshima sana, na jambo la kumwambia mzazi namna ya kugawa kazi nyumbani kwake si dogo kwa mwalimu wa kuja. Nilianza mbali, kama inavyopasa, nikauliza habari za shamba, mahindi, mvua, na kuku aliyekuwa ametaga chini ya meza. Kisha nikasema, “Mama, mimi sijui kama huyu binti atakimbia au hatakimbia. Hilo tuliache. Naomba tu ndoo.” Akaniangalia. Nikamweleza kwamba kano iliyochanika ni kama kamba ya katani ambayo nyuzi zake nyingine zimekatika: ukiipa nafasi itasukwa upya, ukiivuta kila siku itarefuka, na mguu utakuwa mlegevu maisha yake yote, awe mkimbiaji au mkulima. Aliyewahi kuteguka yumo hatarini zaidi ya kuteguka tena. Hilo madaktari wamelithibitisha mara nyingi. Mama akanyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema, “Mwalimu, ungekuja na habari ya mbio ningekukatalia. Hii ya ndoo naielewa, maana mguu wangu mimi ni huo huo.” Akainua khanga kidogo akanionyesha kifundo chake, kinene, kilichopinda kwa nje. Uliteguka akiwa msichana, mwaka wa mvua nyingi, na haukupewa siku hata moja.

Kaka akachota maji. Wavulana wenzake walimcheka siku mbili, siku ya tatu wakachoka.

Kuhusu mguu wenyewe nitasema machache, kwa sababu huenda msomaji ana mguu wake unaomhusu. Maumivu si shahidi wa kuaminika pande zote. Yakiwepo, yasikilizwe, hapo hayasemi uongo mara nyingi. Lakini yakiondoka, kuondoka kwake hakuthibitishi kwamba kano imekaza. Maumivu huondoka mapema, nguvu huchelewa, na kinachochelewa zaidi ni ile akili ya mguu ya kujua umekaa vipi gizani. Mtu mzima akifumba macho akasimama kwa mguu mmoja, husimama. Aliyeteguka huyumba kama mlevi, ingawa haumwi popote. Basi binti alisimama. Alisimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki, akimenya ndizi, akisoma baiolojia, kwanza macho wazi, kisha amefumba. Wadogo zake walifanya mchezo wa kumhesabia. Wiki ya pili alitembea kwa kasi, kisha akakimbia polepole kwenye majani, njia iliyonyooka tu. Kona zilingoja.

Lililonifundisha zaidi ni namna tulivyofikia uamuzi. Mtu anayetamani jambo hawezi kuwa hakimu mzuri wa jambo hilo siku yenyewe. Atausikia mguu unasema anachotaka kusikia. Nami sikuwa bora kuliko yeye, maana mwalimu wa michezo ana tamaa zake, na tamaa ya mwalimu huvaa kanzu ya hisani. Hivyo tulipatana siku kumi kabla, wakati siku ya mbio ilikuwa bado mbali kidogo: siku tatu kabla ya wilaya ataruka kwa mguu wa kulia peke yake mara ishirini, atakimbia namba nane kuzunguka miti miwili ya mikaratusi, na atakimbia mita mia nne bila kuchechemea. Akishindwa moja, haendi, na hakuna wa kumbembeleza, si mimi wala baba mdogo. Mama alikuwepo, akakubali. Ndipo binti, aliyekuwa hajasema neno tangu mwanzo, akaongeza sharti lake.

“Na nikianza kuchechemea katikati ya mbio, mwalimu, uniite nitoke. Mimi nikiwa nakimbia sitajua. Wewe utaona.”

Baba mdogo akapinga; akasema mbio zikishaanza ni za kumaliza, na akamtaja tena Akhwari. Binti akajibu kwa adabu, akitazama chini, “Baba, Akhwari alitumwa na nchi. Mimi sijatumwa na mtu.”

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi. Sikuwa nimeliona. Mimi nilitofautisha kuanza na kumaliza. Yeye alitofautisha kutumwa na kwenda. Aliyetumwa ana deni kwa aliyemtuma, na deni linaweza kumpasa achukue maumivu ambayo vinginevyo yangekuwa upuuzi. Lakini yeye alikuwa anakwenda kwa ajili yake mwenyewe, na kwa hiyo alikuwa na uhuru wa kurudi. Katika chumba kile, kati ya watu wazima wanne, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amesema kwamba mguu una mwenyewe, na alikuwa amesema hivyo kwa njia ya kukabidhi kwa hiari sehemu ya uamuzi kwa mtu mwingine. Ajabu ni kwamba mambo hayo mawili hayakupingana.

Alifaulu majaribio yote matatu, la namba nane kwa taabu. Wilayani alikimbia. Alianza nyuma kama kawaida yake, akapita wawili, akapita wa tatu, na kwenye kona ya mwisho nilimwona akitanua mduara, akikwepa kuuegemea mguu. Hakuchechemea. Sikumwita. Alikuwa wa nne, na waliochukuliwa ni watatu.

Kijijini maneno yakawa mengi. Baba mdogo alisema angelimtanguliza mbele tangu mwanzo angepata. Yule mwalimu mwenzangu alisema ndiyo hayo, amana imehangaishwa bure. Wote wawili walipima uamuzi kwa matokeo, na siwezi kukubaliana nao, hata kidogo. Angekuwa wa tatu, uamuzi usingekuwa bora zaidi. Angeteguka tena, usingekuwa mbaya zaidi, ila ungekuwa na gharama. Tulifanya hesabu kwa mwanga tuliokuwa nao, mwenye mguu akiwemo katika hesabu. Sioni mtu anaweza kudaiwa nini zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata, akiwa kidato cha nne, hakutaka kukimbia tena. Alisema ana mtihani. Sikumsukuma. Mguu wake ni mzima. Kaka yake aliendelea kuchota maji ya nyumbani hadi mavuno ya maharage yalipokwisha, kisha akaenda Kasulu kutafuta kazi, akaondoka na baiskeli yake. Ndoo ikarudi kichwani kwa dada, na baada yake kwa mdogo wao, ambaye nilipoondoka Muyama alikuwa darasa la tano na anakimbia vizuri sana.